BUSTANI YA MBOGA NA MSHAHARA WA MFANYA KAZI

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa wachonga mawe, Tabaka, Kisii)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya bustani ya mboga nyuma ya nyumba. Najua wengine wenu mtacheka. Mtasema, "Tumekuja kusikia habari za bei ya mawe, na huyu anatuletea habari za chinsaga." Ngojeni kidogo. Habari hizi mbili ni moja.

Sisi wa Tabaka twaishi kwa jiwe. Mmoja analichimba, mwingine analichonga, na akina mama wanalisugua kwa maji mpaka ling'are. Lakini jiwe haliliwi. Mwaka 2020, wageni walipoacha kuja Kenya kwa sababu ya ugonjwa wa korona, sanamu zilijaa vibandani. Mimi nilikuwa na sahani 12 zilizokwisha kusuguliwa. Akaja mnunuzi mmoja, akataja bei ambayo haikutosha hata kulipa jiwe lenyewe. Nilitaka kukataa. Nikakumbuka kwamba nyumbani hakuna mboga wala senti ya kununulia, nikapokea. Jirani yangu alikuwa na sahani kama zangu, naye alikataa. Hakunizidi kwa ujasiri. Alinizidi kwa matuta matatu ya mboga nyuma ya jiko lake.

Ndugu zangu, mnunuzi anaijua sana siku ambayo sufuria yako ni tupu. Siku hiyo ndiyo anayokuja. Mtu mwenye mboga nyumbani anaweza kungoja, na watu wanaoweza kungoja pamoja ndio chama.

Sasa nitasema jinsi ya kufanya. Wengine watasema hawana ardhi. Ni kweli, mashamba yetu yamegawanywa mpaka yamekuwa vipande vidogo. Lakini gunia moja halihitaji shamba. Simamisha mkebe mkubwa usio na kitako katikati ya gunia. Jaza mkebe vipande vya mawe, na pembeni jaza udongo uliochanganywa na mbolea. Kisha pandisha mkebe, jaza tena, mpaka ufike juu. Maji yatashuka katikati kwa njia ya mawe. Toboa gunia ubavuni, upande miche. Vipande vya mawe tunavyo tele hapa, ila vioshwe kwanza. Unga wa jiwe si mbolea. Usiutupe bustanini, wala usipande mboga karibu na mahali pa kusugulia. Mboga zote zioshwe kabla ya kupikwa.

Kwa habari ya mbolea, msiende dukani. Mnakumbuka mwaka 2022, gunia la kilo 50 la mbolea ya chumvichumvi lilipita shilingi 6,000, hata mwezi wa Septemba Serikali ikalazimika kutoa la shilingi 3,500. Mfanya kazi hawezi kuikimbilia bei kama hiyo. Kuna mbolea inayoota bure kando ya njia: yale maua ya manjano yenye majani machungu, yanayoitwa tithonia. Wataalamu waliyapima huku magharibi ya Kenya. Katika kilo 100 za majani yake makavu waliona kama kilo tatu na nusu za naitrojeni, na kama kilo nne za potasiamu. Yakate kabla hayajakuwa na shina gumu, uyachanganye na udongo wiki moja kabla ya kupanda. Ama uyaloweke katika pipa kwa muda wa wiki mbili, uyakoroge kila mara, kisha uzimue maji yake na kuyamwagia miche. Takataka za jikoni, majani ya migomba na samadi ya kuku zipangwe tabaka kwa tabaka, zifunikwe, na kugeuzwa kila baada ya wiki tatu. Baada ya miezi mitatu hivi mboji iko tayari. Samadi mbichi usiitie kwenye miche, itaiunguza.

Mboga za kupanda ni zile za mama zetu. Chinsaga, ambayo Waswahili wanaiita mgagani, huanza kuchumwa baada ya wiki tano hivi. Mbegu zake ni ndogo. Zichanganye na mchanga mkavu upate kuzisambaza sawasawa, wala usizifukie sana. Tena jambo moja ambalo wengi hawalijui: mbegu iliyovunwa juzi hailali bure, haiko tayari kuota. Iweke miezi mitatu au zaidi. Wengi wamelaumu udongo, na kosa lilikuwa haraka yao. Ukiona maua, yakate, nayo itaendelea kutoa majani. Lakini acha mashina machache yazae mbegu za mwaka ujao. Kadhalika panda rinagu, yaani mnavu, na enderema kwenye ua. Dania iwe karibu na mlango. Mchaichai upande ukingoni mwa mteremko: utatia ladha katika chai, na mizizi yake itashika udongo usishuke bondeni wakati wa mvua ya masika.

Vidukari wakija, nyunyiza maji ya sabuni kidogo chini ya majani, au majivu makavu asubuhi kukiwa na umande. Sumu za dukani zina siku zake za kungoja kabla ya kuchuma, na mtoto mwenye njaa hangoji. Hii ndiyo sababu mimi nashika kilimo hai, kinachofundishwa na Taasisi ya Kilimo Hai ya Kenya tangu mwaka 1986.

Sasa nasema neno la hatari. Zamani za ukoloni waajiri walimlipa Mwafrika mshahara wa mtu mmoja asiye na mke. Walisema jamaa yake inakula shambani huko kwao. Shamba letu likawa sababu ya kutunyima haki. Ilifika mwaka 1954 ndipo Kamati ya Bwana Carpenter ilipokiri kwamba mshahara ufaao lazima utoshe kulisha mtu na jamaa yake. Basi, mtu yeyote akikuambia, "Wewe una mboga, pokea kidogo," mjibu hivi: mboga ni jasho langu la jioni, na jiwe ni jasho langu la mchana. Kila jasho lina malipo yake.

La mwisho ni letu sisi wanaume. Akina mama wanasugua mawe mchana kutwa, wanateka maji, wanapika. Tukiwaongezea na bustani, tutakuwa tumewafanyia yale yale tunayomlaumia mnunuzi. Mwanamume achimbe matuta, ageuze mboji, ateke maji. Nilipoanza mimi, jirani zangu walinicheka. Sasa wanakuja kuomba mbegu, nami nawapa.

Naomba kila mwanachama aanze na gunia moja kabla ya mvua ijayo. Mkutano ujao tutazungumza juu ya bei moja ya sahani, na napenda tuizungumze tumeshiba.

Umoja ni nguvu.