Nafasi Finyu Kati ya Gari Mbili

Leo tuko barabarani Tumbe, asubuhi, mnada wa samaki umeshapamba moto. Gari ya abiria imesimama kushoto kupakia. Gari nyengine inakuja kutoka mbele. Katikati imebaki nafasi finyu, na kijana wa pikipiki anataka kujipenyeza.

Ndugu yangu, ngoja kwanza. Dereva wa gari iliyosimama anakuona pale tu unapoingia kwenye kioo chake. Ukishafika ubavuni, humo tena. Akikata kulia kuingia barabarani, huna pa kukimbilia. Na mlango? Abiria akiufungua ghafla, breki haisaidii: kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, pikipiki hula mita 11 kila sekunde.

Wachuuzi, hapa nasema nanyi hasa. Unapima nafasi kwa usukani, na nyuma umefunga tenga la samaki lililotanuka kuliko usukani. Usukani unapita, tenga linakwama, nawe unarushwa kwenye gari inayokuja. Tena maji ya samaki yakimwagika kwenye lami, tairi huteleza.

Basi kaa nyuma ya gari, mbali kidogo, umwone dereva kwenye kioo chake. Piga honi. Pita pale tu upande wa pili ukiwa mweupe, taratibu, na uangalie watoto wanaochomoza mbele ya gari.

Na helmeti ivae kichwani, mkanda ufungwe. Shirika la Afya Duniani linasema ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa zaidi ya mara sita. Abiria wako naye apate yake.