Taa za lori na umbali wa galaksi

Msikilizaji, simama usiku kando ya barabara ya vumbi itokayo makazi ya wakimbizi ya Nakivale kuelekea Mbarara. Lori linakuja. Utaukisia umbali wake kwa ukali wa taa, au kwa nafasi iliyopo kati ya taa mbili. Vumbi likitimka, taa hufifia ukadhani lori liko mbali zaidi. Lakini nafasi ile haibadilishwi na vumbi.

Wanaastronomia nao hukisia umbali kwa njia hizo mbili: hupima ukali wa supanova, yaani nyota zinazolipuka, kisha upana wa makundi ya galaksi. Tangu 1933 tunayo kanuni ya Etherington: mawimbi ya mwanga yakirefuka mara mbili safarini, umbali unaokadiriwa kwa ukali huwa mara 4 ya ule unaokadiriwa kwa upana. Hesabu ikigoma, ama kuna vumbi, ama mwanga unapotea njiani, ama nadharia yetu ya mvutano ina kasoro.

Hadi sasa kanuni imesimama. Mimi, kusema kweli, ningependa iyumbe kidogo; hapo ndipo fizikia hunoga. Darubini ya Rubin huko Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, inatarajiwa kutuletea supanova kwa maelfu za kuijaribu kanuni hiyo.