Juu ya Nini Gari la Marehemu Halijawashwa Bado

Maneno ya kamati ya garaji mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Lubumbashi



Tumepewa nafasi ya kujibu swali moja. Gari jekundu liko katika kiwanja cha chama, kifuniko cha mbele kiko wazi, na kila anayepita anauliza: motere imekwisha kurudi ndani, betri iko, juu ya nini hamuwashi? Wengine wanasema kamati inalala. Wengine wanasema tunangojea feza zingine. Basi leo tutaeleza kazi yenyewe, tiyo kwa tiyo, na kila mtu ataamua.

Kwanza tukumbushe, kwa ajili ya wafadhili na wanachama wapya. Ndugu yetu marehemu alikaa miaka mingi Durban, akifanya kazi ya ufundi wa magari. Huko alinunua Mazda RX-7 yenye turbo, ile ya aina ya pili, iliyotengenezwa kuanzia 1985 hadi mwanzo wa miaka ya 1990. Aliifungua motere kwa mikono yake, akaweka vizibio vipya ndani, akaifunga. Alipoamua kurudi nyumbani, gari lilipita Kasumbalesa juu ya lori: motere pembeni, matiyo yote ndani ya mifuko miwili. Hakupata nafasi ya kuyarudisha. Ameacha mjane na watoto 3.

Mkutano uliopita uliamua hivi: chama kimalize kazi, gari liuzwe, feza ziende kwenye parseli ya mjane na minervali ya watoto. Chama kitarudishiwa tu bei ya vyombo vilivyonunuliwa. Usukani wa gari uko upande wa kuume, na huku kwetu hilo ni shida, lakini Zambia ni sawa. Kuna mtu wa Kitwe analitaka. Amesema atalipa siku atakaposikia motere ikizunguka vizuri, ikiwa ya moto, bila moshi.

Kwa hiyo hili si gari la vijana kuchezea. Ni urithi wa watoto 3, na liko mikononi mwetu.

Sasa motere. Munajua motere za kawaida: pistoni zinapanda, zinashuka. Hii haina pistoni. Ndani iko na vyuma 2 vyenye pembe 3 kila kimoja, vinazunguka ndani ya chumba chenye umbo kama yai lililobanwa kidogo katikati. Mjerumani Felix Wankel ndiye aliyeanzisha wazo hilo, kampuni ya NSU ikalifanyia kazi, na Mazda ya kule Hiroshima ikanunua ruhusa mwaka 1961. Gari lao la kwanza la namna hiyo, Cosmo Sport, lilianza kuuzwa 1967. RX-7 ya kwanza ilifuata 1978. Motere yetu inaitwa 13B. Kila chumba ni sentimita za ujazo 654, vyumba viwili ni 1308. Ni ndogo, lakini ina nguvu nyingi na joto jingi.

Ndani yake kuna vitu viwili ambavyo vikiharibika, kazi ya marehemu imepotea yote. Cha kwanza ni vibati vyembamba vya kuziba, vilivyo kwenye ncha za zile pembe. Ni 6 kwa jumla. Cha pili ni pete za mpira zinazozuia maji yasiingie ndani ya chumba cha moto. Motere ikipata joto kupita kiasi, pete zinakufa. Esanse ikipungua kuliko hewa, au turbo ikisukuma kupita kipimo, vibati vinavunjika. Hakuna kutengeneza kutoka nje: unatoa motere yote, unaifungua tena, unaagiza vizibio kutoka mbali. Hapa mjini hatujaviona vikiuzwa.

Na hatari hizo mbili, joto na hewa mbaya, zote zinaweza kuletwa na tiyo moja tu. Ndiyo maana hatukimbii.

Tulianza kwa kumwaga mifuko yote miwili juu ya shuka. Marehemu alikuwa amefunga karatasi za majina kwenye matiyo, lakini kwa joto la njiani nyingi zilibanduka. Tukachora motere kwenye karatasi kubwa, upande wa juu, wa kushoto na wa kuume. Tukapatia kila mdomo wa tiyo namba, na namba ileile tukaiandika kwenye kichuma kinachoipokea. Tulipata matiyo 46. Sheria yetu ni hii: mmoja anafunga, wa pili anasoma daftari na kushika kwa mkono kuhakikisha, kisha wote wawili wanatia sahihi. Vijana wetu 4 wanaojifunza ndio wanaofanya hivyo, sisi tukiwa pembeni.

Matiyo ya maji ni 11. Kuna mawili makubwa ya radiateri, kuna ya joto la ndani ya gari, kuna membamba yanayopoza turbo. Tiyo ya zamani iliyogandia hatukuivuta kwa koleo, kwa sababu shingo ya radiateri inavunjika. Tuliipasua kwa wembe kwa urefu, ikatoka yenyewe. Kila kichuma tulikisugua kutu kabla ya kuvalisha mpira mpya. Kolie, ile pete ya chuma ya kukazia, inakaa nyuma ya ukingo wa kichuma, si juu yake na si kwenye ncha ya mpira. Ukikaza juu ya ukingo, leo haivuji, kesho kwenye joto inachomoka. Na munajua wenyewe, maji yakimwagika hayazoleki. Kwenye motere hii, dakika chache bila maji zinatosha.

Mfadhili mmoja alitupatia pompi ndogo ya kupimia presha ya maji. Tumemshukuru kwa barua, leo tunamshukuru mbele yenu. Tulijaza maji, tukasukuma mpaka presha iliyoandikwa kwenye kifuniko cha radiateri, tukaiacha hivyo wakati wa chakula cha mchana. Mshale haukushuka. Maji yamekubalika.

Matiyo ya oili ni 9. Motere hii inapozwa kwa oili pia, siyo kwa maji peke yake, ndiyo sababu kuna radiateri ndogo ya oili kule mbele. Halafu kuna mirija 4 myembamba sana, inapeleka matone ya oili mpaka ndani ya vyumba, ili vile vibati vya kuziba visisuguane vikavu. Mrija mmoja ukipasuka, gari litatembea tu, hutasikia kitu, lakini vibati vinakula ukuta pole pole. Mirija hii imezeeka na haipendi kukunjwa, kwa hiyo aliyeifunga ni kijana mmoja tu, yule mwenye mkono mwepesi. Tiyo moja ya oili bado haijafungwa: ile inayorudisha oili kutoka kwenye turbo. Kizibio chake cha karatasi kilikuwa kimepasuka, tunakata kingine.

Matiyo makubwa ya hewa ni 5. Sikieni vizuri hapa. Gari hili linapima hewa yote inayoingia, kwa kifaa kilicho karibu na filta. Kompyuta inatoa esanse kulingana na kipimo hicho. Kama kuna ufa baada ya kifaa, motere inavuta hewa ya wizi ambayo haikuhesabiwa, na esanse inakuwa ndogo kuliko hewa. Turbo nayo ikianza kusukuma, ufa uleule unatupa nje hewa iliyokwisha kuhesabiwa, esanse inazidi, moshi mweusi. Tiyo ileile moja, ugonjwa wa namna mbili. Tulikagua kila moja kwa kuikunja kwenye mwanga. Mbili zilikuwa na nyufa zisizoonekana zikiwa zimelala, tumezibadilisha.

Sasa matiyo membamba, yale 17, mengine si makubwa kuliko kalamu. Haya ndiyo vijana wengi wanayadharau. Wanaona ni uzi tu. Kumbe kuna moja linatoka kwenye turbo kwenda kwenye kopo dogo la chuma. Kopo hilo ndilo linafungua mlango wa moshi presha ikifika kipimo, ili turbo isizidi. Tiyo hiyo ikichomoka, au ukiifunga mahali pengine, mlango haufunguki. Turbo inasukuma, inasukuma, dereva anafurahi kwamba gari lina nguvu, kisha unasikia mlio mmoja na vibati vimevunjika. Mpira wa bei ya mkate unaua motere nzima.

Kwa hayo membamba tulinunua mpira wa silikoni, unaostahimili joto. Lakini wazazi ambao watoto wenu wanajifunza ufundi, waambieni: silikoni ni ya hewa na ya maji, si ya oili wala esanse. Inavimba na kulegea. Tulikata kila kipande kwa wembe mpya, ncha iliyonyooka, urefu uleule wa zamani: kikizidi kinajikunja na kuziba, kikipungua kinavutika na kuchomoka. Vile vijidude vya njia moja tulivijaribu kwa kupuliza kwa mdomo: hewa ipite upande mmoja tu. Cha fren kilipata uangalizi wa pekee, kwa sababu motere inapaswa kuvuta hewa kutoka kwenye kopo la fren. Ukikigeuza, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na mtu wa Kitwe hatafika Kitwe.

Yanabaki matiyo 4 ya esanse. Hapa ndipo tumesimama, na hapa ndipo tunaombwa kuharakisha. Vijana wawili walipendekeza tuweke mpira wa kawaida tuliokuwa nao, tukaze kwa waya, tuwashe tu dakika moja watu wasikie. Tulikataa. Esanse ya gari hili inatembea kwa presha kubwa kuliko ya magari ya karibireta, na juu ya matiyo hayo kuna joto la turbo. Tena katika mrija wa esanse wa gari hili kuna kikopo cha kutuliza mapigo, ambacho kikizeeka kinajulikana kwa kuvujisha esanse juu ya motere ya moto. Magari ya aina hii yameungua kwa njia hiyo. Tunataka mpira ulioandikwa kwamba ni wa presha, kolie zake, na kikopo kipya. Bei ya vyote, pamoja na kuvisafirisha kutoka Johannesburg, ni dola 60. Katika sanduku la garaji tuko na 25.

Hilo ndilo jibu letu. Hatujawasha kwa sababu matiyo 41 yamefungwa na 5 hayajafungwa, na kati ya hayo 5 kuna yanayoweza kuchoma urithi wa watoto mbele ya macho yetu.

Vitu vikifika, mwendo utakuwa huu, na tunawaalika wote muje kuona. Kwanza tutawasha pompi ya esanse peke yake, bila kuzungusha motere, tukiwa na mchanga na ndoo karibu, na tutapitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo. Pili, tutazungusha motere bila moto wa bujia mpaka taa ya oili izimike. Tatu, tutawasha, tutaiacha ipate joto pole pole, tukitoa hewa iliyobaki ndani ya maji. Nne, tutazima, tutaiacha ipoe kabisa, tutakaza kolie zote tena, kwa sababu mpira mpya unalegea ukipata joto la kwanza. Baada ya hapo tu ndipo mtu wa Kitwe ataitwa.

Tunaomba mambo mawili. Wanachama, dola 35 zilizopungua: ni kidogo kidogo kwa kila nyumba, mwekahazina yuko pale kwenye meza na ataandika jina la kila anayetoa. Wafadhili, hatuombi feza kwa gari hili. Tunaomba pompi ya pili ya presha na vitabu vya ufundi kwa Kiswahili au Kifaransa, kwa sababu vijana hawa 4 sasa wanajua kufunga tiyo kwa utaratibu, na tayari wenye magari ya mtaani wameanza kuwaletea Toyota zao. Hiyo ndiyo kazi itakayobaki gari hili likiisha kuondoka.

Kwa mjane wa ndugu yetu, aliyeketi hapa kati yetu: Mama, daftari la matiyo liko wazi. Uje siku yoyote usome sahihi. Kila namba ina majina mawili ya watu wanaoijibia.