Kinga ya Mtambo Isilale
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Makutupora)



Nimeombwa nieleze kazi yangu serikalini, yaani ukaguzi wa usalama wa mitambo. Nianze na jambo mnalolijua. Maji ya visima virefu vya Makutupora husukumwa kwa pampu hadi mjini Dodoma. Tuseme tangi moja lina kipimo cha kimo cha maji, nacho kimenasa. Pampu haitazimwa, maji yatamwagika. Ni hasara, lakini haiui mtu. Je, tangi likiwa la petroli?

Ndivyo ilivyokuwa Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005. Kipimo kilinasa huku petroli ikiendelea kuingia. Palikuwa na swichi ya pili, ya kujitegemea, ya kukata mtiririko tangi likijaa. Nayo haikufanya kazi, kwa kuwa kufuli lililopaswa kuushika mkono wake wa kujaribia halikuwekwa. Zaidi ya lita 250,000 zilimwagika, mvuke wake ukalipuka alfajiri, na watu zaidi ya 40 wakaumia.

Tunajifunza mambo matatu. Kwanza, chombo kinachoendesha kazi na kile cha kinga viwe mbalimbali, kimoja kikiharibika kingine kibaki.

Pili, kinga hufa kimya kimya. Pampu ikiharibika, bomba hukauka na kila mtu hujua. Kinga ikiharibika, kazi huendelea vizuri mpaka siku ya hatari. Dawa yake ni kuijaribu mara kwa mara.

Tatu, uimara wa kinga una hesabu. Kwa kanuni za kimataifa, IEC 61508 na IEC 61511, kinga ya daraja la 1 isishindwe zaidi ya mara 1 katika kila mara 10 inapohitajika; la 2, mara 1 katika 100; la 3, mara 1 katika 1,000. Lakini muda wa majaribio ukirefushwa mara mbili, uwezekano wa kuikuta imekufa nao huongezeka karibu mara mbili.

Vijana, baadhi yenu mtakuwa mafundi. Mtapewa karatasi ya ukaguzi, na mtu mwenye haraka atawaambia mtie sahihi tu, kwani mwaka jana kifaa kilikuwa kizima. Msikubali. Kijaribuni kwanza, na mkimaliza, rudisheni kufuli mahali pake.