MAMBO YANAYOZUIA NGUVU ZA UPEPO KUENEA

Hotuba iliyosomwa mbele ya machifu, waalimu na wenyeji

Nimeombwa niseme machache juu ya nguvu za upepo, na hasa juu ya swali ambalo watu huliuliza mara nyingi, yaani: Ikiwa upepo ni bure na hauna mwenyewe, mbona vinu vya kutoa umeme kwa upepo vingali vichache katika nchi zetu? Swali hili ni la haki, nami nitalijibu kwa mambo yaliyotendeka.

Yafaa tukumbuke kwanza ya kuwa kuutumikisha upepo si jambo geni kwetu. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja Lamu, Mombasa na Unguja kwa kaskazi, yakarudi kwao kwa kusi. Nahodha hakumlipa mtu yeyote kwa ajili ya upepo, lakini alilipa mlingoti, tanga, kamba na mabaharia. Tena alipokosa majira yake, alikaa bandarini akingoja. Basi mambo hayo mawili, gharama na kungoja, ndiyo yanayowasumbua wenye vinu vya umeme hata leo. Na juu yake liko jambo la tatu, lililo zito kupita yote, nalo ni ardhi.

Nianze na gharama. Mwenye mtambo wa mafuta hununua mafuta kidogo kidogo, lakini mwenye kinu cha upepo hulipa karibu gharama yote kabla taa ya kwanza haijawaka. Tena hawezi kukisimamisha popote apendapo. Upepo ukizidi mbio mara mbili, nguvu zake huzidi mara nane. Kwa hiyo mahali palipo na upepo wa wastani na mahali palipo na upepo mkali hapalingani hata kidogo. Ndiyo sababu wataalamu huupima upepo wa mahali kwa mwaka mzima au zaidi kabla ya kutoa fedha.

Na mara nyingi mahali penye upepo bora ni mbali na watu wengi. Upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, katika Marsabit, upepo hubanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, ukavuma kwa nguvu karibu mwaka wote. Huko vilisimamishwa vinu 365, kila kimoja cha kilowati 850, jumla yake megawati 310. Lakini kabla ya kuvisimamisha ilibidi kutengeneza barabara ya kilomita zaidi ya 200 kutoka Laisamis, na kuufikisha umeme ule Suswa kulitaka nyaya za kilomita zaidi ya 400. Vinu vilikamilika mwaka 2017. Nyaya hazikuwa tayari, maana kampuni ya Hispania iliyopewa kazi ilifilisika, ikabidi wengine waimalize. Zikakamilika Septemba 2018. Katika muda huo upepo ulivuma bure, na serikali ikalazimika kulipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu, kwa kuwa ndivyo mapatano yalivyoandikwa. Tazameni basi: upepo ulikuwapo, na vinu vilikuwapo, kilichokosekana ni waya.

Tena nguzo zile zilipita juu ya maboma ya wafugaji bila kuwapa taa. Umeme wenye nguvu nyingi namna ile hauwezi kuingia nyumbani mpaka upunguzwe kwanza katika kituo, na kituo ni gharama nyingine. Mtu aliyeona nguzo ikipita juu ya boma lake, naye usiku akawasha kibatari, si ajabu akiuliza faida yake ni nini.

Sasa nasema juu ya kungoja. Upepo hauji kwa amri ya mtu. Kule Turkana huvuma sana usiku wa manane mpaka alfajiri, wakati watu wamelala na viwanda vingi vimefungwa. Na jioni, watu wanapopika na kuwasha taa, labda umepungua. Shida hii ni ya tangu mwanzo. Mwaka 1891 mwalimu mmoja wa Denmark, jina lake Poul la Cour, alianza kutoa umeme kwa kinu cha upepo katika shule ya Askov. Naye alijiuliza: Upepo ukitulia, taa zitawakaje? Akautumia umeme kuyatenga maji yatoe gesi, akaihifadhi gesi ile, na kwa hiyo akaangaza shule yake. Waalimu, huyu alikuwa mwenzenu.

Siku hizi njia za kuhifadhi ni betri kubwa, au kupandisha maji mlimani ili yateremke baadaye yakizungusha mitambo. Njia nyingine ni kuunganisha nyaya na jirani. Denmark sasa hupata zaidi ya nusu ya umeme wake kwa upepo, na upepo ukipungua huchukua umeme wa maji kutoka Norway. Kenya nayo ilianza kupokea umeme wa maji wa Ethiopia mwaka 2022. Na kwa kijiji, hifadhi iliyo rahisi ni tangi: kinu kikivuta maji ya kisima usiku, asubuhi maji yapo. Lakini kinu cha maji nacho hufa upesi kisipopata mtu wa kukitia grisi na duka la kuuza vipuri.

Nimefika kwenye ardhi. Huko Kinangop, katika Nyandarua, kulikusudiwa vinu vya megawati 60. Ni nchi ya mashamba madogo ya viazi na kabichi. Watu wakaogopa kwamba watahamishwa, na ya kuwa vinu vitadhuru afya zao na mifugo yao. Hofu nyingine ilikuwa na msingi, nyingine haikuwa nao. Lakini hofu isiyojibiwa mapema hukua. Mwaka 2015 kukawa na ghasia, hata mtu akauawa, na mwaka 2016 kazi ikaachwa kabisa. Fedha zilipotea, na uhai wa mtu haurudishwi.

Katika Marsabit vinu vilisimama, lakini ugomvi haukukosekana. Ekari 150,000 zilikodishwa, nazo zilikuwa ardhi ya malisho ya watu wote. Mwaka 2014 baadhi ya wenyeji walikwenda mahakamani wakisema hawakuulizwa. Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa kuifuata sheria, ikatoa mwaka mmoja mambo yatengenezwe. Jambo ambalo lingalizungumzwa barazani chini ya mti kabla ya kazi kuanza, lilikuwa likibishaniwa na mawakili miaka mingi baadaye.

Lakini iko mifano mizuri. Huko Kipeto, katika Kajiado, vinu 60 vilianza kazi mwaka 2021. Wenye ardhi waliikodisha kwa mapatano, na mifugo yao huendelea kulisha chini ya vinu. Hata tai walifikiriwa: wamewekwa walinzi wa kutazama angani, na tai wakikaribia kinu husimamishwa. Na huko Denmark, karibu na Copenhagen, viko vinu 20 baharini vilivyoanza kazi mwanzoni mwa karne hii, na nusu yake ilinunuliwa na chama cha ushirika chenye watu zaidi ya 8,000. Mtu hakipigi vita kinu kilicho chake.

Basi, machifu, siku mgeni atakapokuja kwenu na vigingi vya kupimia, msimfukuze, wala msimpe mkono upesi. Iteni baraza kwanza, na wanawake na wachungaji wawepo, maana wao ndio wajuao njia za maji na malisho. Ulizeni kodi ni kiasi gani, ni ya miaka mingapi, taa zitafika kwetu au zitapita juu, na vinu vikizeeka nani atakayeviondoa. Majibu yaandikwe kwa lugha inayosomwa na watu, na nakala ibaki kijijini, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nanyi waalimu, wafundisheni watoto namna kinu kinavyofanya kazi, na watu wakileta hofu zao, wajibuni kwa kweli. Lililo la uongo mlikanushe, na lililo la kweli msilifiche.

Upepo haukutunyima kitu. Wengi wa waliozuiwa walizuiwa na waya usiofika, na neno lisilosemwa mapema. Waya ni kazi ya wenye fedha na serikali, lakini neno ni letu, na linaweza kuanza katika baraza ijayo.