Mji Upi Mkubwa? Maneno Juu ya Hesabu ya Watu, Dar es Salaam na Ufipa

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kaengesa



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo libishaniwalo sana barazani na ndani ya mabasi, nalo ni hili: mji upi ni mkubwa, upi ni wa pili, na upi unakua upesi kuliko mwenziwe. Mabishano hayo twayajua sote. Mtu wa Mwanza husema kwamba mji wake una watu karibu milioni nne. Wa Mbeya humcheka. Na wa Dar es Salaam hanyamazi kamwe, hata ikiwa huko hana ila chumba cha kupanga. Sisi wa Ufipa desturi yetu ni kukaa kimya, kwa kuwa twadhani mashindano hayo hayatuhusu. Kusudi la maneno yetu ni kuonyesha ya kuwa yatuhusu, tena pengine kuliko hao wapigao kelele.

Na tuanze na yule wa Mwanza. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, ambayo usiku wake ulikuwa ule wa kuamkia tarehe 23 Agosti, Mkoa wa Mwanza ulionekana kuwa na watu 3,699,872. Lakini mji wenyewe, yaani Nyamagana na Ilemela pamoja, ulikuwa na watu 1,104,521. Basi bwana yule hakusema uongo, ila amechukua mkoa mzima, pamoja na Ukerewe na Sengerema na mashamba yote ya pamba, akauita mji. Na sisi tukifuata njia yake tutasema kwamba Sumbawanga ina watu 1,540,519, hali Manispaa yenyewe ilipita 300,000 kidogo tu.

Dar es Salaam kosa hilo halionekani upesi, maana huko mkoa na mji karibu ni kitu kimoja. Hata hivyo mambo yake si mepesi. Mwaka 2022 wilaya tano za mkoa huo zilihesabiwa hivi: Ilala 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328, na Kigamboni 317,902, jumla 5,383,728. Sasa, tangu Februari 24, 2021 halmashauri ya jiji la zamani imevunjwa, na jina la Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam limepewa Ilala peke yake. Karani ashikaye sheria neno kwa neno aweza kuandika kwamba Jiji la Dar es Salaam lina watu 1,649,912, wala hakuna awezaye kumfukuza kazi kwa hilo. Mwenziwe wa meza ya pili ataandika milioni tano na ushei, naye amesema kweli vilevile.

Mpaka, basi, ndio jambo la kwanza la kuuliza. Lakini hata mpaka ukijulikana, cheo cha mji katika orodha chaweza kudanganya. Katika hesabu ya 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742, Tanga 38,053, Mwanza 19,877, na Tabora ilikuwa ya nne kwa watu 15,361. Miaka kumi baadaye, katika hesabu ya 1967, Tabora ilionekana ya kumi. Mtu akisikia hivyo atafikiri njaa au tauni ilipita Unyanyembe. La, hasha. Tabora ilikuwa na watu 21,012, yaani iliongezeka zaidi ya watu 5,000. Ila Arusha na Moshi na Iringa na wengine walikwenda mbio zaidi. Tanga nayo ilishika nafasi ya pili tangu 1948 hata 1967, kwa ajili ya mkonge na bandari. Kisha bei ya mkonge ikaanguka kwa sababu ya kamba za nailoni, na hesabu ya 1978 ikakuta Mwanza imepita, watu 110,611 kwa 103,409 wa Tanga. Mji huweza kushuka cheo huku nyumba zake zinaongezeka kila mwaka, na watu wake wasijue ila wakisoma gazeti.

Tena cheo hufuata ofisi. Wajerumani walipohamisha makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891 wakayaweka Dar es Salaam, Bagamoyo ilianza kusinzia. Siku zetu hizi twaona jambo la namna hiyo Dodoma. Neno la kuhamia huko lilikatwa mwaka 1973, likakaa miaka mingi kama barua iliyosahauliwa katika faili, hata 2016 Serikali ilipoanza kuhama kweli. Mji wa Dodoma ulikuwa na watu 410,956 mwaka 2012. Mwaka 2022 ukawa na 765,179. Miongoni mwa hao walioongezeka wamo wenzetu wa kalamu na mafaili, pamoja na wake zao na watoto wao, wala hawakwenda kwa kupenda hewa ya Ugogo.

Sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tukubali kusimama hapa. Tangu 2002 hata 2012 Dar es Salaam iliongezeka kwa kadiri ya watu 5.6 kwa kila mia kila mwaka, ikatoka milioni mbili na nusu hivi ikafika 4,364,541. Tangu 2012 hata 2022 kadiri hiyo ilishuka ikawa 2.1 tu, chini hata ya kadiri ya nchi nzima, ambayo ilikuwa 3.2. Wako waliosoma tarakimu hizo wakasema kwamba Dar es Salaam imechoka, na watu sasa hawaendi. Twaomba wasomaji hao wageuze ukurasa mmoja, watazame Mkoa wa Pwani. Mwaka 2012 Pwani ilikuwa na watu 1,098,668. Mwaka 2022 ilikuwa na 2,024,947. Dar es Salaam iliongeza watu 1,019,187 katika miaka hiyo kumi. Pwani, ambayo mwanzo wa miaka hiyo ilikuwa kama robo yake, iliongeza 926,279. Hao si wavuvi wa Mafia wala wakulima wa Rufiji waliozaa ghafula. Wengi ni watu wa Dar es Salaam waliokosa kiwanja cha bei ya mishahara yao, wakavuka mpaka kwenda Kibaha na Mkuranga na upande wa Bagamoyo, na alfajiri hurudi mjini kwa daladala. Mji haukuchoka bali umefurika, kama chungu kilichojaa, na maji yamemwagika kwenye ukurasa wa mkoa mwingine.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa nao walikadiria mwaka 2018 kwamba Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 6 na kidogo, na kwamba ingepita milioni 10 kabla ya 2030 kwisha. Miaka minne baadaye makarani wetu wa sensa, wakienda mlango kwa mlango na vishikwambi vyao, walikuta ndani ya mkoa milioni 5 na ushei. Ni nani aliyekosa? Ukiongeza watu wa Kibaha na Mkuranga waliokwisha kuwa wa mjini kwa kila kitu isipokuwa jina, tofauti hiyo hupungua sana. Twaona jambo hili duniani kote. Kwa miaka mingi Tokyo, mji mkuu wa Japani, ulihesabiwa kuwa mkubwa kuliko miji yote. Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa ulitumia kipimo kingine, cha kutazama mahali ambapo nyumba na watu vimeungamana bila kujali mipaka ya serikali, na mara Jakarta ya Indonesia, iliyokuwa mbali chini katika orodha ya 2018, ikawa ya kwanza kwa karibu milioni 42, Dhaka ya pili, na Tokyo ikaangukia nafasi ya tatu. Hakuna aliyehama usiku ule. Kilichohama ni kalamu.

Nasi wa Rukwa tulikwisha kuonja jambo hilo. Hesabu ya 2002 iliandika kwamba mkoa wetu una watu 1,141,743. Hesabu ya 2012 ikaandika 1,004,539. Mgeni asomaye atadhani watu zaidi ya laki moja wametoweka katika uwanda huu. Kumbe mwaka huohuo wa 2012 Mpanda na nchi ya kaskazini zilikatwa zikawa Mkoa wa Katavi, wenye watu 564,604. Ukijumlisha mikoa hiyo miwili utapata 1,569,143. Tulikuwa tumezidi sana.

Sasa tusikilizane vizuri. Mwaka 1967 mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 272,821. Mwaka huohuo, nchi yote iliyokuja kuitwa Mkoa wa Rukwa, pamoja na ile ya Katavi, ilikuwa na watu 276,091. Tulilingana nao, tena tuliwazidi kidogo. Mwaka 2022 Rukwa na Katavi pamoja walikuwa 2,693,477, yaani karibu mara kumi ya wale wa 1967, na nchi nzima ya Tanzania katika muda huo iliongezeka mara tano. Dar es Salaam iliongezeka karibu mara ishirini, au mara kumi na tano ukianza na mkoa wake badala ya mji, maana mkoa ulikuwa na watu 356,286. Twaona mpaka unavyobadili jibu.

Lakini katika miaka kumi ya mwisho mambo yamegeuka. Rukwa peke yake imekwenda kwa kadiri ya watu 4.3 kwa kila mia kila mwaka, mara mbili ya mwendo wa Dar es Salaam, na Katavi 7.1, hata ikazidi maradufu. Ukigawa 70 kwa kadiri hiyo utapata, kwa kukisia, miaka ambayo watu watakuwa maradufu: Dar es Salaam kama miaka 33, Rukwa kama miaka 16. Na cheo chetu? Mwaka 2012 tulikuwa wa 21 katika mikoa ya Bara. Mwaka 2022 tulikuwa wa 21. Watu 535,980 wameongezeka, na orodha haikutikisika hata kidogo. Ndiyo sababu hakuna gazeti lililotutaja.

Sababu za wingi huo hazifichiki. Wafugaji kutoka Usukuma wamekuwa wakishuka katika bonde la Ziwa Rukwa kwa miaka mingi, wakitafuta malisho, na wengi wameshika jembe pia. Tena kuzaa: uchunguzi wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa mjini nchini mwetu huzaa kwa wastani watoto 3.6, na wa shamba 5.5, na Rukwa ni shamba. Tena wachanga hawafi kama zamani, jambo ambalo twamshukuru Mungu. Barabara ya lami itokayo Tunduma nayo imefanya mahindi yetu yafike mbali, na pafikapo lori mtu hufungua duka.

Wazee walizoea kufukia majani ndani ya matuta yao ya mviringo, wakaiacha nchi ipumzike kabla ya kuilima tena. Watu wakizidi maradufu kwa miaka 16, mapumziko hayo yatatoka wapi? Dar es Salaam ikijaa humwagikia Pwani. Kaengesa ikijaa, vijana wake huenda Sumbawanga, au hushuka bondeni ambako wengine wamekwisha tangulia, au hupanda basi la Dar es Salaam wakawe wapangaji wa Mkuranga. Ugomvi wa mashamba na malisho twausikia tayari, na sisi ndio tuandikao mashauri hayo.

Hapa ndipo kazi yetu inapoingia. Hesabu kubwa hufanywa kila miaka kumi. Katikati yake madawati, dawa za zahanati na walimu hugawanywa kwa makisio, na makisio hutoka katika madaftari ya vijiji na mashule. Daftari la mkazi lisipoandikwa, mtoto huyo hana dawati mpaka sensa ijayo, na kwa miaka kumi amekwisha kuwa mtu mzima. Tunajua ya kuwa wazee wengine hawapendi kuhesabiwa. Na sisi tuliosomeshwa na mapadre twakumbuka yaliyompata Mfalme Daudi alipowahesabu watu wake. Lakini Daudi alihesabu wenye kushika upanga. Sisi twahesabu walao na wasomao.

Tunaleta shauri moja mbele ya mkutano. Kila mwanachama, kabla hatujakutana tena, apate kwa idhini ya mkuu wake hesabu ya watoto walioandikwa darasa la kwanza katika shule iliyo karibu naye, mwaka kwa mwaka tangu 2012, pamoja na hesabu ya madarasa yaliyokuwapo. Aziandike katika karatasi moja, mpaka wa kijiji ukitajwa wazi, na kama kijiji kimegawanywa, aonyeshe mwaka kilipogawanywa. Bwana Katibu amekubali kuzipokea karatasi hizo na kuzijumlisha. Wasio na karatasi za mistari watapewa hapa mlangoni.