Mtazama Ndege Alipe, Mwenyeji Apone



Mnyuzi, wilayani Korogwe, wengi wanaijua kwa reli. Hapo ndipo njia iliyojengwa mwaka 1963 kutoka Ruvu inapoungana na reli ya Tanga kwenda Moshi. Lakini wapo wageni ambao reli haiwahusu. Macho yao yako juu, kwenye milima ya Usambara Mashariki, iliko Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, yenye zaidi ya hekta 8,000 katika wilaya za Muheza na Korogwe. Wanakuja na darubini shingoni. Hawaulizii simba wala tembo. Wanamtafuta chozi wa Amani, wanamtafuta bundi wa Usambara, na wanamtafuta kidege kimoja cha kijivu chenye mdomo mrefu, ambacho duniani kote kinajulikana Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji tu.

Swali letu leo: mtu anayekuja kutazama ndege tu, alipe ada kuingia katika msitu wa umma?

Wapo wanaosema asilipe, na hoja yao si ya kubeza. Mwindaji anapomwangusha nyati, analipia kibali na analipia mnyama, kwa sababu ameondoka na kitu. Mtazama ndege anamwacha hondohondo pale pale tawini. Hakukata mti, hakuwasha moto. Kuangalia nako kuna bei?

Nasema ipo. Ndege yule hayupo pale kwa bahati. Yupo kwa sababu mlinzi wa msitu amelala porini kuwazuia wapasua mbao na wachimba dhahabu, njia imefyekwa, na kijana wa kijijini amejifunza kumtambua ndege kwa mlio kabla hajaonekana. Yote hayo yana gharama, na atakayekosa kuyagharimia leo, kesho atakuja na darubini yake akute shamba.

Tazama Marekani. Tangu mwaka 1934, kila mwindaji wa mabata aliyetimiza miaka 16 lazima anunue stempu maalumu ya serikali. Siku hizi inauzwa dola 25, na karibu pesa yote hutumika kununua na kulinda ardhi oevu. Mtazama ndege halazimiki kuinunua, ingawa anaruhusiwa. Matokeo yake ni kwamba mwindaji, akikaa kwenye mjadala wa ardhi hizo, husema kwa kujiamini: ni sisi tuliozinunua. Anayelipa husikilizwa. Mpenda ndege anayekwepa ada anajinyima sauti, na anawanyima sauti ndege wake pia.

Hadi hapo, msikilizaji, niko upande wa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wenye dhamana ya hifadhi za misitu kama hii. Lakini nina masharti matatu.

La kwanza, ada isimwadhibu mgeni anayekaa. Mtalii wa simba anaweza kumaliza haja yake kwa asubuhi moja. Mtu wa ndege anaamka alfajiri, anarudi usiku kumsikiliza bundi, kesho anarudia. Analala kwetu, anakula kwetu, anamlipa mwongozaji wetu. Ada ikihesabiwa kwa kila siku, anayekaa sana ndiye anayebanwa sana. Iwepo tiketi ya siku kadhaa yenye nafuu, na malipo yote yawekwe katika namba moja ya malipo, mgeni ajue mapema atatoa kiasi gani.

La pili, mwanafunzi wa Korogwe, Muheza au Handeni asizuiwe getini kwa kukosa ada. Mlinzi wa msitu wa miaka ijayo anatoka katika madarasa haya. Mtoto asiyewahi kuuingia msitu wa kwao hana sababu ya kuutetea.

La tatu, na hili ndilo zito: jirani wa msitu alishalipa. Katika miaka ya 2000, upande wa Muheza, wakulima waliondolewa kwenye mashamba yao ya iliki ili msitu wa Derema uunganishe misitu mingine. Fidia ilitolewa, na malalamiko kuhusu fidia hiyo yakadumu miaka. Misitu hii ndiyo inayoulisha mto Zigi, na maji ya Zigi ndiyo wanayokunywa watu wa jiji la Tanga. Anayeishi ukingoni mwa msitu haruhusiwi kukata wala kulima, wakati faida inateremka na mto hadi mjini.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi uponaji huo uonekane kwa macho. Sehemu ya ada irudi vijijini kwa kiwango kilichoandikwa, na kila robo mwaka TFS ibandike kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: wageni wangapi waliingia, shilingi ngapi zilikusanywa, ngapi zimefika hapa. Mkutano wa kijiji ndio uamue kama zinakwenda kwenye zahanati au kwenye paa la shule.

Ada isiyo na taarifa hiyo haitalinda msitu. Mwanakijiji asiyeona senti yake hana sababu ya kumripoti mpasua mbao, na walinzi peke yao hawatoshi kwa milima ile. Mgeni alipe getini, na mwenyeji asomewe hesabu.

Haya ni maoni yangu.